Uliza mvua ilinyesha lini

Msimu ule, shambani kwetu Nanyumbu, kusini mwa Tanzania, nilipanda mahindi bila wasiwasi kwa sababu nilikuwa na karatasi ya wastani wa mvua wa miaka mingi. Mwisho wa msimu nikajumlisha milimita za kwenye daftari: wastani umefikiwa. Gunia sikupata hata moja. Mvua ilikata Januari kwa siku 23 mfululizo, mbelewele ndiyo kwanza zinachomoza. Nikimenya hindi nakuta gunzi lina punje nne tano, tena upande mmoja. Mvua kubwa ya Machi ilijaza hesabu tu, mahindi yalishakauka.

Huku kusini msimu ni mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Ukiharibika, hakuna vuli ya kukuokoa. Kwa hiyo jumla ya mwaka isikutulize.

Fanya hivi. Tafuta kumbukumbu za mvua za kila siku za miaka 30, za kituo kilicho karibu nawe. Kila mwaka andika kipindi kirefu zaidi cha siku mfululizo bila mvua Januari na Februari, kisha panga miaka kuanzia uliokauka zaidi. Chukua mwaka wa sita kwenye orodha, gawa 6 kwa 31 (idadi ya miaka ukijumlisha moja): unapata kama asilimia 19, yaani ukavu kama huo au zaidi hutokea takriban mwaka mmoja kati ya mitano. Hapo wengi hujidanganya wakidhani wakipigwa na ukame leo watapumua miaka minne. Sivyo. Ndani ya misimu mitatu tu, uwezekano wa kupigwa angalau mara moja unakaribia nusu.

Wataalamu wakikutajia SPI, kipimo kinacholinganisha mvua ya kipindi fulani na ya kawaida ya mahali hapo, kinachotumika tangu 1993, jua kwamba hasi 1 ni mwanzo wa ukame na hasi 2 ni ukame wa kupindukia. Omba cha mwezi mmoja au mitatu. Cha miezi 12 kinaificha Januari.

Na mto usikudanganye. Ruvuma inaanzia milima ya Matogoro, Songea. Maji unayoyaona yakipita chini ya daraja la Mtambaswala huenda ni mvua ya huko, shamba lako halikupata tone.

Ukiweza, weka kipimamvua chako. Soma kila siku saa tatu asubuhi. Siku isiyo na mvua andika sifuri, usiache wazi, maana miaka kumi baadaye hakuna atakayejua kama palikuwa pakavu au ulisahau.