Mwaka wa Reli Si Mwaka wa Stesheni

*Babu anasema stesheni ya kwetu ni ya 1899 kwa kuwa ndipo reli ilipopita. Nitahakikishaje? – Msomaji, Athi River*

Babu amekutajia mwaka wa reli. Jengo ni habari nyingine: vituo vingi vilianza kama vibanda vya mabati na mbao, majengo ya mawe yakaja baadaye.

Anza na chuma chenyewe. Ubavuni mwa reli, kati ya kichwa na kitako, kuna herufi zilizotokeza: kiwanda, mwaka, na mara nyingi uzito kwa yadi. Piga brashi ya waya, kisha sugua chaki zisomeke. Reli za kwanza zilikuwa za ratili 50 kwa yadi. Hapa ndipo wengi huteleza: reli zikichoka kwenye njia kuu huhamishiwa njia za pembeni, hivyo chuma cha 1897 kinaweza kulala mbele ya jengo la miaka ya hamsini. Na omba ruhusa kwanza. Reli yenye nyasi si lazima iwe imekufa.

Halafu nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, na utafute kwa jina la wakati ule. Shirika la Kenya Railways ni la 1978. Kabla yake kulikuwa na East African Railways, iliyoanza 1948 ikiwa pamoja na bandari. Nyuma yake Kenya and Uganda Railway. Na mwanzoni kabisa Uganda Railway. Stesheni nazo zilibadilishwa majina: Kipkelion itafute kama Lumbwa, Nyahururu kama Thomson's Falls. Anayeandika jina la leo kwenye fomu hurudi mikono mitupu, kisha analaumu karani.

*Je, ni kweli simba wa Tsavo walimla mzungu pale Kima? – Wasomaji watano mwezi huu*

Hapana, na nimechoka. Wale wawili wa Tsavo aliwaua Patterson, mhandisi wa daraja la reli pale Tsavo, Desemba 1898, nao wako Field Museum, Chicago. Charles Ryall, ofisa wa polisi, aliuawa Kima, Makueni, Juni 1900, na simba mwingine kabisa. Ryall alikuwa amemvizia simba huyo akiwa ndani ya behewa pamoja na wenzake wawili, usingizi ukamchukua, simba akaingia na kutoka naye dirishani. Behewa lenyewe liko Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni ya Nairobi. Nendeni mkalitazame kabla ya kusambaza picha ya behewa jingine. Na wanaodai Kima iliitwa hivyo kwa sababu ya nyama ya kusagwa wakumbuke kwamba kima pia ni mnyama wa jamii ya nyani.

*Kwa nini mataruma ya zamani, yale yanayolazwa chini ya reli, ni ya chuma? – Msomaji, Kayole*

Mchwa.

*Stesheni iliyo juu zaidi ni Limuru? – Msomaji, Kikuyu*

Timboroa. Karibu nayo reli hupanda hadi futi 9,136.

*Mbona stesheni ndogo zilipangwa karibu karibu hata porini? – Msomaji, Emali*

Njia ni moja. Treni mbili zikikabiliana, moja husubiri kwenye njia ya kupishania. Kadiri vituo vinavyokaa mbali, ndivyo treni chache zinavyopita kwa siku. Injini za mvuke nazo zilihitaji maji. Ukikuta nguzo za tangi pasipo na mji, umepata jibu.

*Naweza kung'oa kibao cha jina nikihifadhi nyumbani? – Msomaji, Ruiru*

Huo ni wizi. Kipige picha, pamoja na futi za mwinuko ikiwa zimeandikwa, ukiache hapo hapo.