Maswali ya Wasomaji: Filamu Zinazotoa Machozi

Nilikaa na wanangu kutazama Up, ile katuni ya Pixar. Hatujafika hata robo saa, nikajikuta nalia mbele yao, na wahusika wenyewe hawasemi neno. Imekuwaje?
*Mama wa watoto wawili, Tanga*

Sehemu unayoisema ni ya maisha ya ndoa ya Carl na Ellie. Inachukua dakika nne na ushei tu, na ni kweli haina mazungumzo. Lakini kazi ilianza kabla ya hapo. Ellie akiwa mtoto anamwonyesha Carl kitabu chake cha safari, chenye kurasa tupu alizoziweka kwa mambo atakayoyafanya ukubwani, kisha anamwapisha kwamba atampeleka Paradise Falls, maporomoko ya maji ya mbali. Ahadi imetolewa, na tangu dakika hiyo wewe mtazamaji unaidai.

Kisha angalia vinavyorudi. Ujanani Ellie ndiye anayetangulia kupanda kilima, Carl anahema nyuma. Uzeeni Carl yuko mbele na Ellie anaanguka njiani. Ellie anamfunga Carl tai, tai zinabadilika, na hivyo tu unajua kwamba miaka imekwenda. Chupa ya akiba ya safari inavunjwa kwa ajili ya tairi, kisha mguu uliovunjika, kisha paa lililoangukiwa na mti. Chumba cha mtoto kinapakwa rangi, halafu ghafla tuko hospitali: Ellie ameinamia mikono yake, daktari anaeleza jambo, na sisi hatulisikii. Kama daktari angesikika, nusu ya machozi yangepotea, maana tungekuwa tunasikiliza maelezo badala ya kumtazama Ellie.

Muziki wa Michael Giacchino ni tuni ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Inaanza na uchangamfu wa kuchezeka, kisha ala zinapungua mpaka piano inabaki karibu peke yake, taratibu. Sikio linaitambua tuni ya siku za furaha wakati jicho linaona msiba.

Kwa maoni yetu, sini nzito zaidi ya filamu hiyo iko karibu na mwisho, Carl anapokifungua kile kitabu. Kurasa alizodhani ni tupu zimejaa picha za maisha yao wawili. Deni ulilokuwa unadai lilikwisha kulipwa, tena mbele ya macho yako, nawe hukuona.

Wakubwa, nimetengeneza filamu fupi ya dakika 12. Sini ya mama kupokea habari za msiba niliipiga kwa makini: mwigizaji kalia machozi ya kweli, muziki wa huzuni nimeweka. Siku ya kuionyesha, watu wakawa wanachezea simu. Kosa liko wapi?
*Mwongozaji chipukizi, Nakuru*

Inawezekana kosa liko kwenye hayohayo mawili. Mwigizaji akishalia yote yeye, mtazamaji anabaki hana kazi. Anayetuumiza ni mtu anayejizuia. Itazame tena Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018). Jo ni mtoto mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na watu wa kijijini wanaigiza pamoja naye. Wanamchekea, nasi tunajua wanachokificha nyuma ya kicheko.

Ukirudia kupiga, mpe mama yule kazi ya mikono kabla habari haijafika. Tuseme anachambua mchele kwenye ungo. Habari ikimfikia, aendelee kuchambua: chuya moja, nyingine, halafu vidole visimame. Hapo usikate. Acha picha ikae sekunde sita hadi kumi. Wahariri wengi wanaoanza hukata mara tu neno la mwisho linapotamkwa kwa kuogopa ukimya, na huo ndio muda ambao mtazamaji alikuwa anaanza kuelewa kilichotokea.

Muziki uzime wote, uitazame sini ikiwa kavu. Kama haigusi hivyo, tatizo ni skripti au uigizaji, na muziki hautaliponya. Ukiurudisha, uingie baada ya habari kueleweka. Ukianza kabla mleta habari hajafungua mdomo, umeshatangaza msiba wewe mwenyewe. Na kabla hamjafungasha vifaa, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba kilekile, kila mtu akiwa ametulia. Ukimya mtupu wa kompyuta husikika kama sauti imekatika, mtazamaji akashtuka na kutoka ndani ya hadithi.

Picha ya karibu ya uso ipige kwanza, picha pana baadaye. Mwigizaji ana mara chache tu za kuitoa huzuni ya kweli kwa siku, na ukizimaliza kwenye picha pana, ukifika usoni utakuta amechoka. Weka pia taa ndogo karibu na usawa wa macho yake. Bila nukta ya mwanga ndani ya jicho, chozi la kweli kabisa linaweza lisionekane.

Machozi ya kusaidiwa si aibu. Kijiti cha menthol wanachotumia wapambaji wa filamu hupakwa kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele, juu ya mfupa wa shavu chini ya jicho. Kisifike kwenye kope, maana kinachofanya kazi ni mvuke. Mwenye lenzi za macho azivue kwanza. Tone la gliserini hukaa shavuni bila kukauka haraka, lakini jicho linabaki jeupe, kwa hiyo lifae picha za mbali. Kitunguu kinaleta machozi pamoja na kupepesa, na mwigizaji anayepepesa hawezi kumtazama mwenzake. Dawa ya mafua ya kupaka kifuani usiisogeze kabisa karibu na jicho: ina kafuri na mafuta, na ikiingia jichoni inaunguza.

Kal Ho Naa Ho nimeitazama tangu ilipotoka 2003 na najua kila neno. Mbona bado nalia pale Aman anaposoma shajara?
*Msomaji, Mombasa*

Kwa sababu unachokililia pale hakitegemei kutojua mwisho. Aman anamsomea Naina maneno ya mapenzi kana kwamba yameandikwa na Rohit, rafiki yake Naina, na kurasa ni tupu. Wewe unajua ni maneno ya nani na unajua moyo wa Aman ni mgonjwa. Naina hajui. Kadiri unavyoijua hadithi ndivyo pengo kati yako na Naina linavyopanuka.

Mwongozaji Isao Takahata alilitumia jambo hilo wazi kabisa katika Grave of the Fireflies (1988). Filamu inaanza kwa kijana Seita kutuambia kwamba alikufa tarehe 21 Septemba 1945. Baada ya hapo, kila peremende inayotikiswa ndani ya kopo la mdogo wake tunaihesabu pamoja naye.

Mnasema sini ya kuliza huandaliwa mapema. Mbona kuna vipande vya dakika mbili tatu vinavyoliza watu wasioijua filamu yenyewe?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Vipo. Kinachojulikana zaidi ni cha mwisho wa The Champ (1979). Wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson walikiweka kwenye orodha yao ya mwaka 1995 ya vipande vya kuamsha hisia, upande wa huzuni, na kimetumika sana katika utafiti. Hakifiki dakika tatu, lakini kimebeba maandalizi yake ndani: baba bondia bado anazungumza na mwanawe, kisha anakata roho, na mtoto anamwita aamke. Sisi tumekubali, yeye bado. Ni pengo lilelile la Naina, limebanwa tu.

Kwa nini nikilia kwenye filamu pua hujaa?
*Msomaji, Kisumu*

Jicho lina mfereji mdogo unaoshusha machozi puani. Yakizidi, mengine humwagika shavuni na mengine hushukia huko, yakachanganyika na kamasi.

Mjukuu wangu ana miaka mitano na anaililia The Lion King aletewe. Mwafikiri ataiweza pale baba anapokufa?
*Bibi, Muscat*

Shikamoo Bibi. Wengi wa umri huo wanaiweza wakiwa na mtu mzima pembeni. Kifo cha Mufasa kinakuja baada ya nusu saa na kidogo. Mwambie kabla hamjaanza kwamba baba yake Simba atakufa na Simba atakua. Simba anapojikunja chini ya mkono wa baba, mjukuu huenda akauliza kama amelala. Mjibu kwamba amekufa; mtoto akiambiwa amelala anaweza kuogopa kwenda kulala. Akilia, usizime hapo hapo, maana atabaki na picha hiyo. Mpakate mngoje Timon na Pumbaa, ambao waliwekwa karibu na pale kwa sababu hiyo. Mtazame mchana, si usiku.

Ile Grave of the Fireflies tuliyoitaja juu, ijapokuwa ni katuni, usimwekee bado. Kutoka studio ileile ya Ghibli, inayomfaa ni My Neighbor Totoro: mama anaumwa humo, lakini hafi.