Jibu: Msimbo mmoja, vihariri vitatu (programu za kuandikia msimbo)
Mkuu, umeuliza mfanyeje ili msimbo wa JavaScript wa timu yenu upangike sawa hata kila mtu akitumia kihariri chake. Kama mmoja yuko VS Code, mwingine Neovim na wa tatu IntelliJ, msihangaike kulinganisha mipangilio ya kila mtu. Kanuni zikae ndani ya mradi wenyewe.

Anzeni na faili la .editorconfig kwenye folda kuu. IntelliJ inalisoma moja kwa moja, Neovim pia kuanzia toleo la 0.9, VS Code inahitaji kiendelezi. Ila hilo linahusu hasa nafasi na miisho ya mistari. Kupanga JavaScript yenyewe iachieni Prettier, programu ya kupanga msimbo, ambayo nayo husoma .editorconfig hiyohiyo; isakinisheni hivi:

npm install --save-dev --save-exact prettier

Hiyo --save-exact, inayofunga toleo moja kwa wote, msiiruke. Matoleo mawili tofauti yanaweza kupanga faili moja kwa namna mbili, mkarudi kulekule kwenye mabadiliko yasiyo na kichwa wala miguu.

Kwenye VS Code washa editor.formatOnSave, faili lipangwe kila linapohifadhiwa. Wa Neovim atajipangia mwenyewe, ndiyo raha yao. Mlinzi wa kweli ni npx prettier --check . kwenye CI (mfumo unaokagua msimbo kila unapotumwa): ikikataa, kazi haiunganishwi.

Siku ya kwanza pangeni mradi mzima kwa komiti (commit, yaani badiliko lililohifadhiwa kwenye Git) moja ya peke yake, muandike namba yake kwenye faili la .git-blame-ignore-revs na kila mmoja aelekeze mpangilio wa Git wa blame.ignoreRevsFile huko, la sivyo git blame, amri inayoonyesha nani alibadili kila mstari, itakutaja wewe karibu kila mstari.