Kidonda kipo kwenye dhamana

Swali la wiki linauliza iwapo sheria za kupambana na ugaidi zinatulinda au zinatupunguzia uhuru. Ninaandika kutoka Mtwara, ambako Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Mto Ruvuma wakitokea Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, wakavamia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Kwa hiyo simo miongoni mwa wanaotaka sheria hizi zifutwe.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilitungwa mwaka 2002, baada ya ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam kulipuliwa Agosti 1998 na watu 11 kupoteza maisha. Kinachoniuma ni kwamba mtuhumiwa wa ugaidi hana dhamana. Hufikishwa mbele ya hakimu asiye na mamlaka ya kusikiliza kesi yenyewe, wakili wa Serikali husimama na kusema upelelezi haujakamilika, shauri huahirishwa, naye hurudishwa rumande huku jamaa zake, waliomngoja kwenye benchi tangu asubuhi, wakiwa hawajapata hata nafasi ya kumsalimu. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, wakaachiwa Juni 2021 baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuyaondoa mashtaka. Miaka yote hiyo hakuna mahakama iliyowatia hatiani, wakati ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa.

Huku mpakani madhara yake yanakwenda mbali zaidi. Wamakonde wapo pande zote mbili za Ruvuma; watu wanavuka kwa mitumbwi kwenda kulima, kuuza na kuzika. Mwenye shangazi ng'ambo akisikia jambo la hatari, tunamtaka akaripoti, lakini atajiuliza kwanza kama hatageuzwa mtuhumiwa yeye mwenyewe, na akinyamaza tumepoteza taarifa ambayo hakuna doria ingeipata.

Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu kinachozuia dhamana kinakiuka Katiba; mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Limebaki jukumu la Bunge. Ninaomba wabunge wetu wa Mtwara na Lindi wapeleke marekebisho yanayoweka ukomo wa upelelezi, hata wa mwaka mmoja, na ukomo huo ukipita jaji awe na mamlaka ya kumpa mtuhumiwa dhamana kwa masharti atakayoona yanafaa.