Maji ya kijani, ngege wanatweta alfajiri

SWALI: Nina bwawa la ngege (tilapia) karibu na Mumias. Niliambiwa nitie samadi ya kuku mpaka maji yawe kijani, nami nimeendelea kutia kila wiki. Sasa kila alfajiri samaki wanapanda juu wakitweta, ikifika saa nne wanashuka. Wa agroveti, duka la dawa za kilimo na mifugo, ameniuzia mrututu, ile chumvi ya shaba ya kuua kijani, anasema jirani aliutia na kambare wake wako salama. Niutie?

JIBU: Usiutie, ndugu. Na samadi iache leo hii.

Swali hili naletewa kila msimu, na kosa ni lilelile: mtu anadhani samadi ni chakula, basi ikiongezwa samaki watanenepa. Samadi imebeba naitrojeni na fosforasi. Hivyo ni virutubisho vya mwani, ile mimea midogo inayoyapa maji ukijani. Nguvu inatoka kwa jua na mwani ndio unaoinasa; anayekula mwani huo hubakiwa na takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu hiyo mwilini mwake. Ukimwaga ndoo moja au ishirini, jua linabaki lilelile. Kijani kikizidi, mwani wa juu unaunyima mwanga ule wa chini, unakufa, na bakteria wanaouozesha wanamaliza oksijeni. Mchana mwani huirudisha. Usiku nao unaivuta, pamoja na samaki na bakteria, ndiyo maana kukipambazuka hali huwa mbaya kuliko saa nyingine yoyote.

Mrututu utaua mwani wote kwa mpigo, kisha uoze wote kwa mpigo. Ngege hutawakuta hai. Tena shaba yenyewe ni sumu kwa samaki, hasa maji yakiwa hayana chokaa ya kutosha. Na huyo kambare si ushahidi wa chochote! Ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, anaishi kwenye maji ambayo ngege angekufa.

Simamisha chakula pia mpaka watulie. Toa maji ya chini, kwenye uozo, uingize mapya yakianguka kutoka juu. Siku za usoni, kabla ya kutia samadi, zamisha mkono ulionyooka: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimetosha.

Wauzaji wa dawa za mkato hawaishii kwenye mabwawa. Ghuba ya Winam, kule Ziwa Victoria, inapokea udongo na mbolea kutoka Mto Nyando, na maji taka ya mijini, halafu anatokea mtu na dawa ya kupulizia gugumaji. Gugu litakufa, litazama, litaoza, litamaliza oksijeni, na fosforasi yake itabaki kwenye tope ikisubiri gugu jingine. Hata likivutwa nje likaachwa ufukweni, mvua itairudisha ziwani. Libebwe lote, likawe mboji mbali na maji. Anayekuuzia dawa ya kuua kijani, muulize fosforasi itakwenda wapi kikishakufa. Akianza kukuonyesha picha kwenye pakiti, ondoka na pesa zako.