Dishi la TV Dodoma na redio ya magneta

Mdogo wangu wa UDOM, umeuliza kama dishi la TV juu ya paa lako linaweza kunasa redio ya magneta (nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali mno) iliyochachamaa. Mapigo yake ya kawaida, hapana, ni hafifu mno. Hata darubini kubwa mara nyingi hutoka kapa: magneta zinazojulikana ni kama 30, na zilizosikika zikipiga redio mfululizo hazifiki kumi. Na zenyewe zina vituko. Moja yao, XTE J1810-197, ilisikika 2006, miaka kadhaa baada ya mlipuko wake wa eksirei, ikanyamaza 2008, ikaamka tena Desemba 2018.

Mmweko mkubwa ni habari nyingine. Aprili 28, 2020, magneta SGR 1935+2154 ilirusha mmoja wa milisekunde chache, ukanaswa na mradi wa STARE2 huko Marekani: antena ndogo zisizo na dishi kabisa! Ukitaka kujaribu, antena zako ziwe kwenye vituo vilivyoachana mbali, tuseme Dodoma, Kondoa na Manyoni, la sivyo kila cheche ya bodaboda utaiita nyota. Halafu kagua kama masafa ya chini yamechelewa kufika kuliko ya juu. Ishara ya kutoka kwa nyota ya mbali lazima ichelewe hivyo. Ukavu wa anga letu haukusaidii hapa, wewe kimbia minara ya simu.