Mpatanishi anacheza namba ngapi?

Msomaji kauliza: "Mwalimu, nimeandika 'nchi ndogo kama Qatar na Togo zimecheza nafasi muhimu kama wasuluhishi katika mgogoro wa Kongo', mwenzangu anang'ang'ania ni wapatanishi. Nani yuko sahihi?"

Wote mko sawa, msigombane. Suluhu tumeitoa kwenye Kiarabu, patana ni ya kwetu, imezaliwa na pata. Sikio langu linapenda mpatanishi, lakini hata Tanzania ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inatenganisha vizuri tu, msuluhishi anawasaidia muelewane, mwamuzi ndo anakata shauri. Kwa hiyo Togo iite msuluhishi, iite mpatanishi, ukiiita mwamuzi ndo umeharibu.

Sasa kilichonikera wala hujakiuliza. "Zimecheza nafasi", yaani "play a role" ya Kiingereza imetafsiriwa neno kwa neno. Nafasi ipi jamani? Winga? Beki tatu? Kwa Kiswahili anayecheza nafasi yuko uwanjani na jezi mgongoni, na ukisema mtu kacheza na jambo zito maana yake kalifanyia mzaha! Halafu angalia ulivyoitukana Qatar bila kujua. Machi 2025 iliwakutanisha Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda Doha, Julai 19 mwaka huohuo serikali ya Kongo na waasi wa M23 wakasaini Tamko la Kanuni palepale, na yote hayo yaliwezekana kwa sababu mwenyeji alijua kukaa pembeni, maana siku akianza kucheza upande mmoja wanabeba mabegi yao na kuondoka. Oman nayo ilipokuwa inabeba ujumbe wa Iran na Marekani kimyakimya kabla ya makubaliano ya nyuklia ya 2013, ilicheza namba ngapi? Djibouti mwaka 2000 iliwakalisha Wasomali pale Arta miezi kadhaa wanabishana mpaka wakapata serikali ya mpito, na wewe unaniambia ilicheza? Ilihangaika!

Na vitenzi tunavyo, tena vya bure. Imechangia. Imesaidia. Imeshika usukani. Imefanya kazi kubwa, hata hiyo inatosha kabisa, ila mtu anaona "imefanya kazi" ni ya kijijini mno, anataka icheze nafasi, wengine wamevuka mpaka siku hizi nasoma "imecheza jukumu", hapo nafunga simu nanywa maji kwanza.

"Meza ya mazungumzo", nayo ya Kiingereza, nilishaizoea, nimechoka kuipiga vita, na angalau meza ipo kweli.

Andika hivi: "Nchi ndogo kama Qatar na Togo zimesaidia sana kupatanisha pande zinazogombana Kongo." Mwenzako mwambie kashinda nusu. Na ile sentensi yako ya pili, "mazungumzo yalichukua nafasi Doha", nimeiona, yalichukua nafasi ya nani sijui, ila leo presha yangu hairuhusu.